Nilivyoirudisha Nyuma Mitungi ya Nyumba Namba Tatu

Wenzangu, hili nalisema nikiwa nimeinamisha kichwa, na kama mnataka kunicheka basi nichekeni mapema, maana mbele huko mimi mwenyewe sijawahi kupacheka.

Ilianza na mpwa wangu Sharon, anayesoma saikolojia chuoni, aliyekuja mtaani kwetu Mowlem Jumapili moja na karatasi za maswali akitafuta watu wa kufanyia mazoezi. Ni kipimo cha kujua mtu anapenda kanuni na mpangilio kiasi gani: unasoma sentensi, halafu unaandika kama unakubali au unakataa. Nikinunua redio lazima nijue ndani inafanya kazi vipi. Kitu kikiwa hakipo mahali pake situlii. (Mimi ni karani wa stoo Industrial Area miaka kumi na minne sasa, hata soksi zangu zimepangwa kwa umri, kwa hiyo nilikubali mpaka kalamu ikachoka.) Nikapata sitini na nane kwa themanini. Sharon akaniambia, "Anko, hii si mtihani. Hakuna kupita wala kufeli, inaonyesha tu vile akili yako hupenda kufanya kazi." Maneno hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile. Mimi nilisikia nimepita.

Ningenyamaza yangeishia hapo, lakini wapi, nikapiga picha ile karatasi nikaituma kwenye grupu ya simu ya ploti yetu, sisi wapangaji wa jengo moja. Keateka wetu Wafula, msimamizi wa jengo, aliyekuwa amechoka kuamua vita vya maji (kwetu maji huja Jumanne na Ijumaa asubuhi, mfereji wa bomba ni mmoja, nyumba ishirini), akajibu: "Basi Baba Terry, wewe ndio mtaalamu. Tupangie laini ya maji." Ulikuwa mzaha, na kila mtu aliuona mzaha isipokuwa mimi.

Nikakubali. Zamani uliamka, ukaweka mtungi wako kwenye foleni, na mtungi ukakushikia nafasi huku wewe ukipika chai. Mimi nikasema huo ni ushenzi. Nikapaka kila mtungi namba ya nyumba kwa rangi nyekundu, nikachora chati ya zamu, nikaibandika ukutani juu ya mfereji, na chini nikaandika kwa herufi kubwa: MTUNGI USIO NA NAMBA UTARUDI NYUMA. Wiki ya kwanza mambo yalienda vizuri, nikatembea ploti kama mwenye ploti. Kwenye grupu wakaanza kuniita Sajini, nikakasirika, nikaizima sauti ile grupu na sikuifungua tena. Hapo ndipo nilipojifungia nje.

Ijumaa ya pili nikaamka nikakuta Mama Terry hayuko kitandani. Nikadhani ameenda kununua maziwa. Nikashuka na filimbi shingoni (ndiyo, filimbi, msiniulize niliipata wapi) nikakuta watu wamesimama kwenye mfereji kimya kabisa, hakuna matusi, hakuna kusukumana, na moyoni nikasema: ona, mpangilio umewaingia. Mbele ya laini palikuwa na mitungi minne mipya, haina namba.

"Hii ni ya nani?" Nikaibeba miwili miwili mpaka mwisho wa foleni, nikarudi nikiwa nimepumua vizuri, nikawapa hotuba. "Hapa hatuangalii sura, tunaangalia namba! Mkiharibu leo, kesho tunarudi kupigana!"

Mama Otis wa namba saba akaninong'oneza, "Baba Terry, wachana na hiyo mitungi."

"Sheria ni msumeno, mama, hukata mbele na nyuma."

Akatazama chini. Nikadhani nimemshinda.

Mara akatokea Hassan, kijana wa namba tatu anayeishi na mamake Bi Zaituni. Macho yake yalikuwa mekundu. Akatafuta mitungi yake mbele, akaiona nyuma, akanitazama, akatazama chati. Akasema, "Ni sawa, mzee, nitangoja," kisha akaenda kusimama nyuma ya watu wote.

Hapo Mama Otis akashindwa kujizuia. "Mamake ameaga alfajiri! Hayo ni maji ya kumwosha, azikwe kabla ya swala ya Ijumaa. Sisi wote tumempisha. Imetangazwa kwenye grupu, wewe uko wapi?"

Ndugu zanguni, nilitamani ardhi inimeze na filimbi yangu. Nikakimbilia mitungi, nikaweka wa kwanza kwenye mfereji, na mfereji ukakohoa mara mbili ukakauka. Maji yalikuwa yamekatwa. Hotuba yangu ndiyo iliyoyala.

Nyumbani nilikuwa na pipa lililojaa. Nikachota, nikabeba mitungi ile mmoja mmoja, orofa mbili, jasho na aibu vikinitoka pamoja. Kwenye mlango wa namba tatu aliyenipokea ni Mama Terry mwenyewe, leso kichwani. Ameshasikia, ploti yetu haina siri. Hakuniangalia usoni. "Weka hapo," akasema, akauvuta mtungi ndani, akafunga mlango.

Bi Zaituni alizikwa kwa wakati. Nilienda makaburini, nikasimama nyuma kabisa, na baadaye nikamshika Hassan mkono nikitaka kumwomba msamaha. Akanitangulia: "Yamekwisha, jirani. Asante kwa maji." Afadhali angenitukana.

Chati nimeing'oa. Mitungi imerudia foleni yake ya zamani na vita vyake vya zamani, na mimi nimeapa: nikikuta kitu kimekaa mahali nisipopaelewa, sikigusi mpaka nimeuliza kuna nini. Mtu akisema wacha, nitaacha. Lakini Ijumaa asubuhi, nikipita mlango wa namba tatu kwenda kazini, bado huwa naharakisha hatua.