Bwana Harusi Asiye na Mkanda

Mwaka ule Warundi walipokuwa wakivuka ziwa kwa mitumbwi kukimbia mauaji kwao, jeshi letu liliweka kambi karibu na Kibirizi, nami nilikuwa nimeposwa na askari mmoja wa kambi hiyo. Majina ya wote waliokuwapo ninayo kichwani mpaka leo, hata la mpiga dufu, ila siyaandiki. Wengine wana wajukuu hapahapa Ujiji.

Nikaha ilikuwa Ijumaa. Katikati ya wiki habari ikaja kwamba mchumba wangu yuko mahabusu. Kumbe alimpa blanketi lake la jeshi mama mmoja aliyejifungulia ndani ya mtumbwi. Walipokagua vifaa blanketi halikuonekana, na jeshini kupoteza kitu cha serikali ni kosa. Wakamrusha kichurachura uwanja mzima, kisha wakamfungia wiki.

Mimi nikalia. Bibi yangu aliyenilea akaniangalia tu.

"Unalia nini? Wakati wa Mjerumani askari akikosa alilazwa kifudifudi, akala kiboko mbele ya wenzake, na mkewe anatazama. Wako wamemrusha kama chura, basi."

Akajitanda kanga, akamchukua baba mdogo, aliyekuwa walii wangu wa kuniozesha, wakaenda kambini. Mkubwa wa kambi akamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mchele umeshachambuliwa, samaki wa migebuka wameshakauka. Sasa bwana harusi nimtoe wapi?"

Mkubwa akacheka mpaka akakaa. Akasema mchumba wangu atatoka kwa nikaha tu, chini ya ulinzi, na ikiisha anarudi mahabusu siku hiyohiyo.

Nyie, Ijumaa ile! Nimefungiwa chumbani, nimepakwa mafuta mpaka nang'aa, shoga yangu yuko dirishani ananipa habari. Bwana harusi wa watu huja na dufu na kanzu nyeupe. Wangu nilimsikia kwa buti.

"Kushoto, kulia. Kushoto, kulia."

"Anakuja," shoga yangu akasema, "katikati ya askari wawili. Hana mkanda wala kofia. Mwenzangu, suruali ameishika kwa mkono."

Wanawake hawakungoja kuambiwa, wakapiga vigelegele. Mpiga dufu akashika mapigo ya buti zile, na watoto wa mtaa wetu wote wa Kasingirima wakafuata nyuma wakitupa mikono. Nikaenda dirishani mwenyewe, kinyume cha ada, nikamwona. Alikuwa anajibana asicheke.

Furaha ikakatika mlangoni. Baba mdogo alisimama.

"Simuozi mtu aliye kichwa wazi. Watu wote hapa wamevaa kofia. Watasema tumeozesha mfungwa."

Koplo aliyemlinda akajibu kwa adabu, "Mzee, aliye kwenye adhabu anavuliwa mkanda na kofia mpaka amalize. Nikimvisha mimi, kesho naruka kichura mimi."

"Basi mrudishe. Akimaliza tutaonana."

Nilijua wakimrudisha hivyo baba mdogo hatakubali tena, maana tangu mwanzo hakupenda niolewe na askari. Nikatamani nitoke nikamsihi.

Bibi akasema kutoka upande wa wanawake, bila kupaza sauti, "Shehe, kofia ni sharti la ndoa?"

"Hapana, bibi. Ni ada yetu."

"Basi vueni wote. Nani atamjua mfungwa?"

Shehe akawa wa kwanza. Akaivua kofia yake iliyodariziwa, akaiweka gotini, kipara kikawaka. Mmoja akafuata, na mwingine, baraza zima. Hata koplo akaivua ya kwake akaibana kwapani. Akabaki baba mdogo peke yake na kofia kichwani, watu wanamtazama, na wanawake wameanza kukohoa kicheko. Akaivua. Akasema, "Haya, shehe, soma, huyu asije akachelewa mahabusu."

Nikaulizwa mlangoni kama nimeridhia. Nilijibu haraka mno mpaka shoga yangu akanifinya.

Walimrudisha vilevile, kushoto kulia, na sinia la pilau kichwani kwa koplo. Usiku ule nililala na bibi, tukicheka. Wiki ilipoisha mume wangu akabisha hodi, mkanda kiunoni, kofia imenyooka.

Nikamwambia, "Kwanza ivue. Mimi niliozwa mtu aliye kichwa wazi."