Mikono ya Kulia Mitupu

Shangazi alikata uzi kwa meno. Mkasi ulining'inia shingoni mwake tangu asubuhi hadi jioni, mkali kama wembe, lakini kila alipofika mwisho wa mshono aliinama, akaung'ata uzi na kutema kipande kando. Wateja walikunja uso, yeye hakuona. Mengi yaliyomhusu hakuyaona.

Alikuwa mkataji mkuu wa karakana ya ushonaji, na wanawake wote waliokaa nyuma ya vyerehani walikuwa chini yake. Mmoja wao alikuwa binti wa kaka yake. Shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, ndiye aliyemfundisha kushika sindano, na ndiye aliyempa jina la Mwalimu.

Jina lilikuja hivi. Mwaka wake wa kwanza kazini, binti alisema kwa sauti ya chini, "Shangazi, naona chaki imepinda hapo." Na kweli ilikuwa imepinda. Shangazi aliifuta, akachora upya, kisha akamvika gauni lililoharibika, ndani nje, akamsimamisha juu ya stuli mbele ya dirisha la wateja mpaka saa ya kufunga.

"Mpigieni makofi mwalimu wetu," alisema. "Yai linamfundisha kuku kutaga."

Walipiga. Aliyepiga kwa unyonge aliambiwa apige vizuri. Tangu hapo stuli ikawa sheria ya mle ndani: anayekosea anapanda, na anayemsahihisha mkubwa anapanda pia.

Shangazi mwenyewe aliamini anapendwa. "Pale kwangu tunataniana tu," aliwaambia majirani. "Wale ni watoto wangu." Tajiri, mwenye karakana, alipompeleka kwenye semina ya viongozi, alirudi na jambo moja: kabla ya kukata, uliza maoni. Akawa anauliza, kisu cha umeme cha kukatia vitambaa kikiwa tayari kinanguruma mkononi.

Ikaja kazi ya makoti ya wahudumu wa hoteli. Tajiri alisema mbele ya wote kwamba kitambaa kile hakipatikani tena. Kikiharibika, mkataji aende zake. Kilikuwa na uso unaong'aa na mgongo uliofifia. Shangazi alikitandaza mezani, tabaka juu ya tabaka, nyuso zote juu. Huku akiwachekesha watu kwa habari za mume wa fundi wa vifungo, aliyemkimbia mkewe, aliweka karatasi ya kipimo cha mkono wa koti, akachora, akaisogeza, akachora tena. Ulimi ulikimbia mbele ya chaki. Karatasi hakuigeuza hata mara moja. Koti lina mkono wa kulia na wa kushoto. Pale mezani ilichorwa ya kulia mitupu.

Fundi wa vifungo alimwinamia Mwalimu. "Umeona?"

"Nimeona."

"Mwambie basi. Wewe si damu yake?"

"Mwambie wewe."

"Mimi? Goti langu haliwezi stuli." Alitunga uzi kwenye sindano taratibu. "Mwache akate. Nyani haoni kundule. Leo ataletewa kioo."

Kisu kikawashwa. "Kuna mwenye maoni?"

Binti alisimama. "Shangazi..."

"Naam, Mwalimu?" Shangazi aliwageukia mafundi wengine ili nao wapate kufaidi. "Nyamazeni, somo linaanza. Hebu sogezeni stuli, mwalimu hafundishi akiwa chini."

Wakacheka, kwa sauti kubwa, kama walivyozoea. Mtu aliisukuma stuli kwa mguu kutoka pembeni. Binti aliitazama ikija.

"Hakuna kitu, Shangazi."

"Asanteni kwa ushirikiano," akasema shangazi, na kushusha kisu.

Makoti yalipoanza kuunganishwa, mafundi waliitafuta mikono ya kushoto mpaka chini ya meza, kwa mzaha, maana kila mmoja alijua haipo.

"Labda hoteli yenyewe imeajiri wenye mkono mmoja."

"Basi wamepata fundi wao."

Shangazi alikuwa ameshika vipande viwili, anavigeuza na kuvigeuza, tajiri alipoingia. Tajiri alivichukua, akavilinganisha, akauliza kama kuna aliyeona kosa hili mapema. Hakuna aliyeona. Je, mkataji hakuwauliza?

"Alituuliza," alijibu fundi wa vifungo kwa adabu zote. "Huwa anatuuliza kila mara."

Tajiri akamwambia shangazi akusanye vitu vyake. Isipokuwa binti, hakuna aliyeinuka kumuaga. Vyerehani viliendelea kulia, na kimoja kililia kwa kasi kuliko siku zote.

Binti alimbebea mfuko hadi langoni. Huko ndiko ulimi wake ulikofunguka. "Shangazi, niliona. Kabla hujakata."

"Wewe uliona?"

"Sote tuliona."

"Mkanyamaza."

"Tulikuogopa."

 Uso wa shangazi ulilegea, midomo ikacheza, na binti akadhani kwamba hatimaye mwanamke huyu anajitazama. Alingoja, akitamani na kuogopa kwa pamoja. Baada ya siku ile shangazi alihamia kwa mdogo wake, mbali, akakataa simu na salamu za binti hadi alipozikwa. Kwa hiyo aliyoyasema pale langoni, akiupokonya mfuko, ndiyo yaliyokuwa ya mwisho.

"Mniogope mimi? Kosa langu ni moja tu, mwanangu: niliwadekeza. Mngeniogopa kidogo, mngesema."