Ng'ombe wa Hukumu

Marehemu baba alimshinda mzee mmoja wa Sola kwenye kesi ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe hakuja, baba akafa anamuulizia, na hukumu ikalala kwenye sanduku la mama chini ya vitenge. Halafu mdogo wangu, katika wasichana wote wa Simiyu, akampenda binti wa mzee yuleyule. Siku ya kupanga mahari nikasema tukate ng'ombe mmoja, deni liishe. Wazee wa ukoo wakaniangalia kama nimetukana. Mahari haikatwi deni, wakasema. Basi ng'ombe wote wakaenda.

Mimi nina hasira za karibu. Mwaka jana nikaitoa ile hukumu sandukuni, nikaenda mahakamani kuomba ikaziwe, mzee alazimishwe kulipa. Karani akauliza kama mdaiwa bado yupo hai. Nikamwambia yupo, tena ananenepa. Nikazungushwa njoo kesho, njoo keshokutwa, mpaka amri ikatoka na dalali wa mahakama akatumwa Sola.

Jioni akarudi kwetu Bariadi na ng'ombe kwenye kigari cha kirikuu, anamsifu mzee. Hakubisha hata kidogo, alimkaribisha maziwa ya mgando na ng'ombe akamfunga kamba mwenyewe. Dalali alikuwa na haraka, nikasaini palepale kwamba deni limelipwa lote.

Ng'ombe aliposhushwa, mama akamtazama lile baka jeupe la usoni.

"Huyu si tulimpeleka sisi?"

Ndiye. Na kwetu ng'ombe wa mahari akirudi kwenye zizi alikotoka, ndoa imekwisha, hakuna anayeulizia cheti. Wifi yangu, huyo binti wa mzee, alikuwa anaosha vyombo. Akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka na begi.

Nikampigia mzee simu kwa hasira.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ng'ombe wenu amefika?"

"Amefika."

"Basi mwambieni binti yangu asichelewe gari."

Mjanja yule! Ana zizi zima, akachagua huyo. Nilianza kuwaeleza watu habari za sheria, hakuna aliyenisikiliza. Mama, ambaye asubuhi hatoki kitandani bila kushikwa na wifi, alijikokota mpaka kwenye lile begi, akalikalia.

"Mtoeni ng'ombe," akasema.

Tukampakia kwenye kirikuu arudi Sola, pamoja na mbuzi wa kuombea radhi. Mahakamani deni limelipwa, faili limefungwa. Mama hakunyanyuka mpaka kirikuu kilipopotea barabarani, na hata hapo hakuweza peke yake. Wifi ndiye aliyemwinua.