Kinyozi wa Lita Moja

Mzee alikuwa kinyozi kwa miaka arobaini, na kinyozi ni mdomo: huishi kwa maongezi na wateja. Figo zake zilipochoka, alifunga kibanda chake akahamia kwa bintiye wa pekee, fundi cherehani, aliyeshonea kwenye chumba cha mbele. Daktari aliagiza: vinywaji visizidi lita moja kwa siku, chai na mchuzi vikihesabiwa humo humo, chumvi kidogo, apimwe uzito kila asubuhi.

Binti alishika kazi barabara. Mzee alipanda mizani akishika ukuta, binti akaandika kilo kwenye daftari la vipimo vya wateja, kisha akambonyeza juu ya kifundo cha mguu. Kishimo kikikawia kufutika, alijua maji yanajaa mwilini.

"Kinyozi hajinyoi," mzee alitania, "na sasa hata soksi hajivishi!"

Wateja wake wa zamani walikuja kumjulia hali. Huyu chai, yule soda. Mgeni hawezi kunywa peke yake, naye mzee akanywa nao. Kilo mbili zikapanda kwa siku mbili. Mzee akashindwa kulala chali, akawa anahema kama aliyebeba gunia. Alilazwa siku nne, akaongezewa dawa ya kukojosha.

Waliporudi nyumbani, binti alisimama mlangoni. "Samahani mzee wangu, baba amepumzika." Alimwambia hivyo wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wakakoma kuja. Miguu ikanywea. Daktari akamsifu.

Nyumba ikabaki na sauti ya cherehani tu. Mzee alikaa dirishani.

"Baba, kiu inakusumbua?"

"Kiu nimeizoea, mwanangu. Ila sijacheka na mtu tangu nitoke hospitali."

Binti aliacha kushona. Hata yeye hakukumbuka lini alizungumza na mtu jambo lisilohusu vipimo vya mikono na viuno. Jioni hiyo alikwenda kwa fundi viatu, rafiki mkubwa wa baba, akamwomba radhi. "Njoo, baba mdogo. Ila hakuna chai."

"Nilikuwa nafuata chai, mimi?" fundi viatu alijibu.

Alikuja Jumapili, mikono mitupu. Wengine wawili, ambao binti aliwaalika pia, waliahidi, hawakutokea. Mzee na fundi viatu walicheka mpaka wakakohoa. Binti aliwasikia akiwa nyuma ya pazia la chumba cha mbele, shati la mteja limemlalia mapajani. Hakuna aliyemwita, na hata kama angeingia, hakujua angesema nini. Akatunga uzi kwenye sindano.