Sarafu ya Kumi na Mbili

Miaka ya hamsini nilikuwa karani wa Mzungu mmoja mtafuta madini kule Kishushe. Niliandika alama za mawe aliyochimba, na Kiswahili chake kilipokwama niliwasemesha vibarua kwa Kidawida, lugha ya huko. Mawe yale hayakututajirisha. Raha ya tajiri wangu huyo ilikuwa sanduku dogo la mbao lenye mahameli na vishimo vya mviringo. Ndani ya vishimo hivyo zililala sarafu kubwa za fedha kutoka vijimbo vya Wajerumani wa kale, kabla nchi yao haijawa moja. Zilitengenezwa kwa kumbukumbu: mtawala amefariki, vita vimekwisha, mgodi umeanza kutoa fedha. Za migodi ndizo alizozipenda zaidi. Upande mmoja kuna sura ya mtawala mwenye nywele hadi mabegani, upande wa pili mlima, na farasi wakizungusha gurudumu la kuvuta mawe.

Alinifundisha kuzishika ukingoni tu, na nisizisugue kamwe. Krismasi moja akanipa moja, yenye tundu kwa kuwa mtu aliwahi kuivaa shingoni. Niliiweka kwenye kishimo kilichobaki wazi sandukuni mwake, maana chumbani kwangu hapakuwa na mahali pa kitu kama kile.

Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilikuwa haijaisha alipopatwa na malaria kali. Jirani mwenye ranchi alimlaza kwenye gari lake ili amkimbize hospitali, Voi. Kabla hawajaondoka mgonjwa alinishika mkono.

"Sanduku lisibaki hapa," akasema. "Lilete wewe mwenyewe. Orodha imo ndani."

Nilipata lori la ng'ombe adhuhuri. Njia nzima nililipakata lile sanduku, nikijiuliza Mwafrika aliyebeba fedha ya Mzungu ataaminiwa na nani. Karibu na Voi tukakuta kizuizi cha polisi. Inspekta wa Kizungu alisoma orodha, kisha akahesabu sarafu, akikandamiza kidole gumba juu ya kila moja. Nilitaka kumwambia ashike ukingo.

"Karatasi nasema kumi na moja," akasema. "Hapa iko kumi na mbili."

Ile yangu haikuandikwa popote.

"Hiyo yenye tundu ni yangu, bwana. Nilipewa na tajiri wangu."

"Wewe? Nani napa wewe hii?"

Askari aliyesimama nami, Mwafrika mwenzangu kutoka magharibi mwa nchi, akaninong'oneza, "Ndugu, sema umeiokota. Ukisema ni yako utaumia."

Nilikaribia kusema hivyo. Lakini nikisema nimeiokota, si yangu tena, na nimedanganya juu yake.

"Ni yangu," nikarudia, sauti ikitoka nyembamba.

Nikawekwa ndani siku mbili. Mke wangu, aliyenifuata Voi alipopata habari, aliniletea uji, na kila alipofika nilimtazama uso kabla hajasema neno. Alikuwa akipitia hospitali kwanza.

"Bado hajitambui," aliniambia. "Wanasema tuombe Mungu."

Niliomba, na hadi leo sijui kama nilimwombea yeye au nilijiombea mimi. Angekufa, nani angejua habari ya ile Krismasi?

Siku ya tatu inspekta alinipeleka wodini. Tajiri wangu alikuwa amefumbua macho, midomo imepasuka. Inspekta akamwonyesha sarafu. Aliitazama muda mrefu mno, nikadhani homa imemfutia kumbukumbu.

"Ya kwake," akasema hatimaye kwa Kiswahili, ili nisikie. "Mimi sikusanyi zenye tundu."

Inspekta alinipa sarafu. Ikaniponyoka ikabingirika chini ya kitanda. Nikapiga magoti kuitafuta, na huko chini machozi yakanitoka.

"Wamezishika nyuso, si ukingo, zile zangu?" tajiri akauliza.

"Wamezishika, bwana."

Akageukia ukuta kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Alipona polepole, tukalichukua sanduku polisi, tukarudi Kishushe. Mke wangu alinisihi niipeleke sarafu kwa sonara wa Voi, aiyeyushe anitengenezee pete, tulale kwa amani. Sikukubali. Niliifukia kwenye kopo la unga, na kwa miezi kadhaa, kila niliposikia gari likipanda njia yetu, ambako magari yalikuwa nadra, nilidhani ni la polisi, nikaacha nilichokuwa nikifanya na kusimama mlangoni hadi lipite.