Nondo Mwenye Mlio wa Baba

Baba alikufa kwa pumu. Mwisho mwisho kifua chake kilikuwa kikilia kama mlango usiotiwa mafuta, nasi tukiwa chumba cha pili tulijua yu hai kwa mlio ule. Matanga yalipoanuliwa nikamwambia mama aondoke Haneti, aje kukaa kwangu Dodoma mjini. Akagoma.

"Nikiondoka, baba yako akija atamkuta nani?"

Alimaanisha nondo aliyekuwa akimjia jioni. Baba alikuwa mrina asali, na ndoo yake ya mwisho ilibaki chumbani. Jioni ile nondo mkubwa aliingia akaifuata: tumbo la manjano lenye mistari myeusi, na mgongoni alama ya fuvu la mtu. Mama akamfunika kwa kiganja, naye akalia. Nondo, analia! Nywele zilinisimama, maana ulikuwa mlio ule ule wa kifuani.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na ubishi ni ugonjwa wangu. Nikamweleza mama kwamba huyo ni mdudu tu, anapenda asali, huingia hata mizingani kuiba, na akishikwa hulia. Tena si wa Haneti peke yake. Yuko karibu Afrika nzima, na wengine huruka hadi ng'ambo ya bahari, Ulaya.

Mama alifikiri kidogo. "Kumbe anafika popote. Mbona hukusema mapema?"

Kesho yake tukapanda basi.

Lakini begi lake hakulipangua. Aliliegemeza karibu na mlango, akawa anachomoa nguo moja moja na kufunga zipu. Alikata kona ya wavu wa dirisha, akaweka kisahani cha asali pale, mbu wakatutafuna. "Mvua zikiisha hajaja, narudi kwangu," alisema. Mvua zilikuwa ukingoni, nami niliogopa. Kule angeishi peke yake, na kifua chake nacho kilikuwa kimeanza kubana.

Jioni moja tulikuwa tunakula ugali. Kitu kizito kikagonga dirisha, kikapenya kwenye ile kona, kikatua mezani. Nikakifunika kwa kiganja. Kikatetemeka, kikalia.

Nilikusudia kutaja jina lake la kisayansi. Kilichonitoka mdomoni ni, "Shikamoo, baba."

Mama akainuka. Nyuma yangu nikasikia zipu ya begi ikifunguliwa, na nguo zikitolewa zote.