Injini ya Mwangi Ilipozima Katikati ya Ziwa

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na baba yako angekuwa hai angekuambia hivyo hivyo, ingawa yeye angetafuta namna ya kujitetea. Keti, mwanangu. Weka hiyo spana chini. Nimetoka Kabiria mpaka hapa kwenu mtaa wa Satellite kwa sababu mama yako alinipigia simu akasema umeifungua yote ile injini ya mashua. Nikikutazama ulivyojaa grisi, naona hakunidanganya.

"Auntie, naiboresha tu," unaniambia.

Unaiboresha! Umeweka kabureta mpya mbili, umetoa ridi za zamani, umebadilisha propela, na kichwa cha silinda umekipeleka kikachongwa. Yote wikendi moja. Na Jumamosi unataka kwenda Naivasha kushindana na wenye injini za kale wenzako. Mwanangu, nimechoka kabla sijaanza kusema. Maneno hayo niliyasikia kwa baba yako, neno kwa neno.

Wakati huo nilikuwa msichana, karani katika ofisi moja ya Westlands. Siku za kazi nilivaa viatu vya kisigino na kupiga chapa barua za watu. Jumamosi nilivaa jaketi la kuelea na kuendesha mashua ya mashindano. Usicheke. Nilikuwa mwepesi, na mashua ile haikutaka mtu mzito. Kaka yangu Mwangi, yaani baba yako, ndiye aliyekuwa fundi wangu. Injini yenyewe ilikuwa ya Mzee Jaswant, Kalasinga mwenye karakana, aliyetuazima kwa sababu magoti yake yalikuwa yamemkatalia kuingia mashuani. Hata wakati huo ilikuwa injini kuukuu. Mzee aliipenda kama mtu anavyompenda farasi.

Basi Mzee akasafiri kwenda harusini Kisumu. Kurudi, Mwangi ameshamaliza kazi yake. Kabureta kubwa zaidi. Ridi mpya za faiba, zile ndimi nyembamba zinazofunguka kuingiza hewa na petroli, kisha zikajifunga visirudi vilikotoka. Propela nyingine. Aliijaribu kwenye pipa la maji, ikanguruma mpaka majirani wakatoka nje. Akaona amefika.

Kule ziwani Naivasha Mzee alitukuta tukijiandaa. Akainama, akaitazama injini yake.

"Umebadilisha nini, Mwangi?"

Mwangi akataja kimoja kimoja, kifua mbele.

"Na ikikosea, utajuaje ni kipi kimekosea?"

"Haitakosea, Mzee. Wewe sikiza tu vile inalia."

Mzee akanigeukia mimi. "Binti, leo usiingie." Lakini Mwangi alikuwa ameshaniwashia, na mashua za wengine zilikuwa zinajipanga. Nikaingia.

Sitakuficha, mzunguko wa kwanza nilipaa. Sijawahi kwenda kasi namna ile, si kabla wala baada. Niliwapita watu wawili, nikaanza kucheka peke yangu. Halafu sauti ikabadilika. Ile ngurumo ikawa nyembamba, ikapanda juu kama mbu sikioni, na kabla sijapunguza mafuta nikasikia kishindo kimoja. Kimya. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda kwa joto. Mashua ikasimama ghafla, wimbi lake lenyewe likaifuata kwa nyuma na kumwagika ndani, mpaka magotini.

Na pale kwenye mafunjo, mwanangu, si mbali, kiboko akainua kichwa. Akatingisha masikio. Akanitazama. Wale niliowapita wakanipita wakidhani nimepumzika. Nilikuwa na kasia moja, nikalikumbatia kifuani bila kuthubutu kulitia majini. Sikupiga kelele, niliogopa kumuudhi. Nilisali sala zote nilizofundishwa, nikazichanganya.

Aliyekuja kunivuta kwa kamba ni Mzee Jaswant mwenyewe, na magoti yake mabovu, ndani ya mashua ya uokoaji. Nilipokanyaga nchi kavu nilimwendea kaka yangu moja kwa moja. Nilivua kiatu nikamrushia. Hakukwepa.

Kisha wakaanza kubishana! Mwangi akasema ni ridi. Rafiki yake akasema ni kabureta. Mwingine akaleta habari za propela. Mzee akawaacha mpaka wakaishiwa maneno.

"Mimi sijui," akasema. "Na wewe Mwangi hujui. Pistoni tutanunua. Huko kutojua ndiko kosa lako."

Tulipokuwa tukirudi Nairobi, baada ya kupita Limuru, baba yako aliegesha gari kando ya barabara, akaweka kichwa kwenye usukani, akalia. "Ningekuua," aliniambia. Sikuwahi kumwona akilia tena mpaka mama yetu alipofariki.

Mzee alimrudishia injini, lakini kwa masharti. Rudisha vyote vya zamani. Badilisha kimoja. Jaribu. Fungua plagi uitazame rangi, maana ikiwa nyeupe injini inakosa petroli. Kisha kingine. Ilichukua msimu mzima. Na unajua walichogundua? Kabureta zilikuwa nzuri. Ridi zilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa jeti, kile kipande kidogo chenye tundu kinachopitisha petroli. Tundu lilikuwa dogo mno kwa hewa yote ile, injini ikaungua kwa njaa ya petroli. Kitu cha kushika kwa ncha za vidole viwili kingenipeleka kwa kiboko.

Kwa hiyo nisikilize, maana sitarudi Satellite kukwambia tena. Sikukatazi kuboresha. Kila kizazi kina haki ya kuboresha. Lakini badilisha kitu kimoja, ukijue, ndipo uguse kingine. Na hivyo hivyo kwa kazi, kwa nyumba, kwa mke utakayemwoa. Anayegeuza yote kwa pupa, yakienda vizuri hajui ashukuru nini, yakiharibika hajui arekebishe wapi. Na mara nyingi anayeumia ni yule aliyemwamini akaingia ndani.

Haya. Mungu akupe mikono mitulivu na masikio ya kusikia kabla ya kishindo. Akupe marafiki wa kukuuliza maswali magumu, na moyo wa kuyajibu. Na wote watakaoweka maisha yao mikononi mwako, wasije wakajuta.